Wanawake na Elimu ya Maji Katika Nchi ya Njoro

Atokaye Nakuru kuelekea Njoro, akiiacha njia kuu pale Ngata, hulikuta kasri la mawe alilolijenga Lord Maurice Egerton wa Tatton, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1938 ukakamilika mwaka 1954. Na wenyeji, wazee kwa vijana, husimulia hadi leo kwamba bwana yule, aliyeishi bila mke mpaka alipofariki mwaka 1958, alipiga marufuku mwanamke yeyote asikanyage kizingiti chake. Bwana huyo huyo ndiye aliyeasisi, mwaka 1939, shule ya ukulima ya Njoro kwa ajili ya vijana wa Kizungu, ambayo ilipanda daraja ikawa chuo mwaka 1950, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, mahali ambapo leo hufundishwa, miongoni mwa elimu nyingi, elimu ya maziwa, mito na vinamasi.

Basi asubuhi za masomo ya nje, binti wa chuo hicho husimama ndani ya Mto Njoro, maji yamemfika magotini, akiyapindua mawe kwa buti huku ameukinga wavu upande wa chini wa mkondo, ili kila kijidudu kilichobanduka kiingie humo. Kisha hukimwaga alichokinasa katika sinia nyeupe, akahesabu kimoja kimoja kwa kibano, kwani wapo wadudu wasiostahimili uchafu, na kutoweka kwao ni ushahidi kwamba mto umedhurika. Mto huo hushuka kutoka Mau ya Mashariki, ukapita mashamba na makazi ya watu, ukaishia Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji yake, hata mengi ya yatupwayo mtoni hulimbikizana humo.

Wala asidhani mtu kwamba mwanamke kuyachunguza maji ya nchi hii ni jambo la juzi. Mwaka 1929, miaka kumi kabla ya shule ya Njoro, Penelope Jenkin, Mwingereza ambaye hakuwa ametimiza miaka thelathini, alikuja na msafara wa Percy Sladen kuyachunguza maziwa ya Bonde la Ufa. Na mwaka 1957 alitoa risala iliyobainisha jinsi heroe anavyokula, akiuinamisha mdomo juu chini majini, ulimi ukivuta na kusukuma maji mfano wa bomba, na vitana vya mdomoni vikiuzuia mwani ubaki kuwa chakula.

Lakini maarifa peke yake hayakutosha kumweka mwanamke kazini. Rosemary Lowe alifika Ziwa Nyasa mwaka 1945 kuwachunguza samaki, kisha akahudumu katika taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki huko Jinja, akawa mjuzi wa perege na ngege; na alipoolewa mwaka 1953, kanuni ya utumishi wa kikoloni ilimlazimisha kujiuzulu, kwa kuwa mke wa mtu hakuruhusiwa kushika kazi ile. Elimu yake haikupungua hata chembe siku ya harusi. Kilichoondolewa ni idhini ya kuitumia. Yeye aliendelea na utafiti na uandishi mpaka uzeeni, ila Jinja ilimpoteza mtumishi ambaye haikuwa na haja ya kumpoteza.

Kanuni ile imekwisha, na Egerton yenyewe imewahi kuongozwa na mwanamke, Profesa Rose Mwonya. Hata hivyo, aliyemaliza shahada jana angali na safari ndefu, naye huhitaji mtu wa kumtaja panapogawanywa fedha za utafiti, na wa kumhifadhia nafasi yake anapojifungua. Ndiyo sababu chama cha wanasayansi wa bahari cha WIOMSA, kilichoundwa mwaka 1993 na chenye makao Zanzibar, kina mtandao wa wanawake wa fani hiyo; na ndiyo sababu mpango wa AWARD, ulioanzishwa Nairobi mwaka 2008 kwa wanawake wa utafiti wa kilimo, humpa mtafiti mlezi aliyemtangulia, kisha humtaka naye amlee aliye nyuma yake. Watu wa pwani waliijua hekima hii tangu kale, kwani binti hakuachwa aingie utu uzima bila somo wa kumwelekeza na kumsitiri.

Kasri la Ngata sasa li mikononi mwa chuo, na wanawake huingia humo watakapo. Lakini kuingia si kuongoza. Enyi mliotangulia katika elimu hii, mnapoandika jina la atakayeongoza utafiti ujao wa ziwa au wa bahari, mkumbukeni binti yule wa mtoni, liandikeni lake, kisha kaeni karibu naye mpaka kazi aizoee.