Kabla ya .ke: majina ya Kenya kutoka FIND hadi dig, na mbele yake

Fungua dirisha la amri uandike `dig ke NS`. Kabla hujakohoa utarudishiwa orodha ya seva zinazojua habari za majina yote yanayoishia na .ke. Chini kabisa kuna mstari wa Query time, muda uliopita kati ya swali na jibu. Wengi huishia hapo. Mimi huwa nauliza swali la pili: aliyejibu ni nani, na kabla yake alijibu nani?

Nauliza kwa sababu siku hizi kila anayezungumzia mitandao iliyogatuliwa, yaani isiyo na makao makuu, huizungumzia kana kwamba imezuka jana pamoja na sarafu za kidijitali. Nabisha. Kenya iliingia mtandaoni kupitia mtandao uliogatuliwa, na majina yake yalitafutwa kwa amri moja ya DOS.

Mtandao huo ni FidoNet. Aliuanzisha Tom Jennings kule San Francisco mwaka 1984. Haukuhitaji laini iliyo wazi saa zote. Kompyuta moja ilimpigia mwenzake kwa modemu, mara nyingi usiku simu zikiwa nafuu, wakabadilishana mafurushi ya barua, wakakata. Kwa laini za simu za Afrika Mashariki za wakati ule, zenye kukoroma na kukatika, utaratibu huo ulikuwa rehema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI, lenye makao yake Nairobi, lilikuwa na nodi ya Fido iliyohudumia mashirika yasiyo ya kiserikali, na barua zake zilivuka kwenda duniani kupitia GreenNet ya London.

Sasa jina. Kila nodi ilikuwa na namba za ukanda, mtandao na nodi, na Afrika ilikuwa ukanda wa 5. Lakini namba peke yake haipigiki simu. Ili kujua upige wapi ulihitaji NODELIST, faili la maandishi matupu lenye mstari mmoja kwa kila nodi: jina lake, mji, msimamizi, namba ya simu, kasi ya modemu, vyote vimetenganishwa kwa koma. Lilitolewa kila Ijumaa, na kiambishi chake kilikuwa namba ya siku hiyo katika mwaka. Orodha ya tarehe 27 Aprili 1990, kwa mfano, ni NODELIST.117. Aliyetaka kujua kama kuna nodi Nairobi aliandika:

`FIND "Nairobi" NODELIST.117`

Basi. Hakuna seva iliyoulizwa, hakuna waya uliotumika. Jibu lilikuwa kwenye diski yako mwenyewe, na kila msimamizi duniani alikuwa na nakala yake. Kwa kuwa simu zilikuwa ghali, wiki hadi wiki hukutumiwa faili zima bali NODEDIFF, mabadiliko tu ya kupachika juu ya orodha ya zamani. Ukitumia `patch` au git leo, mbinu hiyo unaifahamu.

Tusiipambe kupita kiasi lakini. Ilikuwa na waratibu wa mtandao, wa eneo na wa ukanda, na ukitaka kuingizwa kwenye orodha ilibidi mratibu akukubali. Ni ugatuzi kama huu wetu wa kaunti: Hola ina mamlaka yake, lakini bado kuna ofisi ya kupitia.

Wenye intaneti kamili huko Marekani walikuwa wameshapita njia hiyo hiyo. Mtandao wa ARPANET ulitumia faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa California kwenye taasisi ya SRI na kikosi cha Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako ipate jina, uliwasiliana na ofisi yake. Kompyuta zilipokuwa nyingi faili likawa zito na kila mtu akawa analivuta, ndipo Paul Mockapetris alipoandika DNS mwaka 1983. Wazo lake ni la kugawa kazi. Mzizi unajua tu nani anasimamia .ke, wa .ke anajua tu nani anasimamia co.ke, na kuendelea chini. Hakuna anayebeba orodha nzima.

Hapa Tarasaa tunauelewa mfumo huo bila kusoma kitabu. Hatuna namba za nyumba. Mgeni akitoka Mombasa huuliza Garsen njia ya Tarasaa, akifika stejini humwuliza mtu wa bodaboda, naye humpeleka hadi kwenye boma la jirani atakayemwonyesha mlango. Kila mmoja anajua hatua moja. Amri ya `dig +trace` inakuonyesha safari hiyo hiyo, hatua kwa hatua. Kasoro yake nayo ni ile ile: wa stejini akinyamaza, au akiamua kumpotosha mgeni, mlango hauonekani hata kama mwenye nyumba yupo ndani anapika chai.

Na hapa ndipo historia yetu inapokuwa na uzito. Barua-pepe nyingi za Nairobi za enzi ya Fido zilipotoka nje zilibeba majina ya wengine, kwa mfano yale ya GreenNet yaliyoishia na gn.apc.org, au ya lango la Fido ambako nodi ya mfano 5:100/1 iliandikwa f1.n100.z5.fidonet.org. Mkenya alikuwa na sanduku la barua, lakini anwani ilikuwa ya mwenyeji wake.

Aprili 1993 herufi mbili za .ke zilikabidhiwa rasmi. Msimamizi wa kiutawala alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta ambaye baadaye, kuanzia 1997, alikuwa mbunge wa Rangwe. Wa kiufundi alikuwa Mmarekani, Randy Bush, mmoja wa waliosaidia nchi nyingi za Afrika kuunganishwa, na seva kuu ya .ke ilikuwa chini yake Marekani. Wapo wanaolisimulia jambo hili kama wizi. Mimi silioni hivyo. Mwaka 1993 Kenya haikuwa na laini ya intaneti ya kudumu. Seva ya majina inayolala usiku haina faida kwa mtu. Alitunza alichokabidhiwa. Ila ukweli unabaki kwamba swali kuhusu jina la Kenya lilijibiwa ng'ambo, na liliendelea kujibiwa huko miaka mingi baada ya watoa huduma wa Nairobi kuanza biashara katikati ya miaka ya 1990.

Hata barua zenyewe zilikuwa hivyo. Wateja wa watoa huduma wawili wa Nairobi, huenda wakiwa barabara moja, waliandikiana kwa satelaiti kupitia Marekani au Ulaya. Novemba 2000 watoa huduma hao walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP. Telkom Kenya, yenye ukiritimba wakati huo, ikalalamika, na tume ya mawasiliano ya CCK ikaagiza kifungwe kabla hata hakijazoeleka. Kilirudi Februari 2002 baada ya mabishano marefu. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Desemba 2002, ICANN ilikubali .ke ihamishiwe KENIC, taasisi iliyounganisha serikali, watoa huduma na watumiaji. Kati ya mambo hayo mawili, linalotajwa sana ni KENIC. Mimi naona KIXP ndiyo iliyokuwa vita yenyewe, maana bila barabara ya ndani hata seva iliyoko Nairobi ingeulizwa kwa kupitia ng'ambo. Baadaye nakala za seva za mzizi nazo zikawekwa Nairobi.

Kazi imekwisha? Hapana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikawa nzito Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo `dig` ni mwalimu mzuri. Unaweza kukuta mzizi unajibu kutoka Nairobi, .ke inajibu, co.ke inajibu, halafu hatua ya mwisho kimya, kwa sababu mwenye tovuti, duka la hapa hapa pwani pengine, ameweka seva zake za majina kwa kampuni ya Ulaya au Marekani. Jaribu kwenye tovuti ya shule au ya hospitali yako. Andika `dig` na jina lake na NS, kisha ziulize seva hizo moja moja na uangalie Query time. Ikiwa milisekunde zinazidi mia na hamsini, kuna uwezekano mkubwa swali lako limevuka bahari.

Ndiyo maana navutiwa na mitandao mipya iliyogatuliwa, na ndiyo maana najua siyo mipya. I2P, iliyoanza 2003, inatafuta majina yake kwenye faili linaloitwa hosts.txt, naam, jina lile lile la kule SRI, isipokuwa kila mtu anachagua amwamini nani amletee nyongeza. Namecoin, ya mwaka 2011, ni NODELIST nyingine: kila nodi kamili ina kumbukumbu yote, nawe unauliza kompyuta yako mwenyewe kwa `namecoin-cli name_show d/mfano`. Tofauti ni kwamba badala ya mratibu kuna hesabu. Tor imeamua kuachana na majina mazuri kabisa. Anwani ya .onion ni herufi na tarakimu 56 zinazotokana na ufunguo wa umma, na `dig` haitakusaidia kitu, kwa kuwa huduma hizo hazina anwani ya IP ya kurudisha.

Inayonigusa zaidi ni GNS ya mradi wa GNUnet, iliyochapishwa kama RFC 9498 Novemba 2023. Unaandika `gnunet-gns -u` na jina, kisha swali linaanzia kwenye orodha yako mwenyewe, linapita kwa unayemjua, kwa anayejulikana na huyo, bila mzizi mmoja wa dunia nzima. Ni yule mgeni wa stejini tena, safari hii akianza kwa rafiki yake badala ya kuanzia Garsen. Bado ni nzito kuiweka, na sijaona duka la Garsen likiitumia.

Maabara ya shule isiyo na intaneti haihitaji kusubiri. Weka Avahi kwenye kila kompyuta, ipe moja jina maktaba, na kutoka nyingine andika `avahi-resolve -n maktaba.local`. Swali linatupwa chumbani kwa wote na mwenye jina anajibu mwenyewe. Na kama hilo nalo likikushinda, `/etc/hosts` bado ipo.