Macho ya Watu 17 Ndani ya Simu Yako

Wasee, rangi unazoziona kwenye simu yako zina historia, na haijaanzia kiwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 huko Uingereza, W. David Wright alipima macho ya watu 10, naye John Guild akapima ya watu 7. Kila mmoja aliangalia duara dogo la mwanga. Nusu moja ilikuwa na rangi fulani. Nusu ya pili alichanganya nyekundu, kijani na buluu mpaka zote mbili zifanane. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilitumia majibu hayo kuunda mfano wa jicho la binadamu wa kawaida. Watu 17 tu! Na hadi leo viwango vya rangi za skrini bado vinarudi kwenye kipimo hicho.

Sisemi walikosea. Kipimo chao kinafanya kazi poa. Kinachonikeketa ni hiki: ni nani huwa na kifaa cha kupima?

Sayansi yenyewe inaitwa saikofizikia. Gustav Fechner wa Leipzig, Ujerumani, aliipa jina na kitabu mwaka 1860. Wazo lake ni rahisi. Huwezi kuingia kichwani mwa mtu uone anachoona, lakini unaweza kumuuliza swali dogo mara nyingi sana: umeona ama hujaona? Upande gani unang'aa zaidi? Majibu yakijaa, unapata mpaka wa hisia zake kwa namba. Ndiyo maana tunajua taa ya simu inakuchoma macho usiku stima zikipotea, lakini saa sita mchana hata huioni. Hisia hupima tofauti kwa kulinganisha na kilichopo tayari.

Shida ilikuwa mashine. Kwa miaka zaidi ya mia moja, maabara zilitengeneza vifaa vyao zenyewe. Kompyuta zilipofika, kila maabara ikaandika programu yake, na kazi si mchezo. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hivyo picha moja hukaa kama milisekunde 17. Kompyuta ikichelewa kidogo tu, jaribio limeharibika na hata hutajua.

Kisha Wamarekani wawili, Denis Pelli na David Brainard, wakaamua kugawa kazi yao. Programu yao, Psychophysics Toolbox, ilielezwa kwenye jarida mwaka 1997 na ilikuwa ya bure. Lakini ilitegemea MATLAB, ambayo hulipiwa leseni. Ni kama kupewa jiko bure halafu gesi unanunua, na si kwa bei ya mtaa. Baadaye toleo jipya likaweza kutumia Octave, ambayo ni ya bure. Naye Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham alijenga PsychoPy juu ya lugha ya Python na kuieleza mwaka 2007. Hapo jiko na gesi vyote vikawa bure. Siku hizi unaweza kupanga jaribio zima kwa mausi bila kuandika kodi.

Sasa sisi tuko wapi kwa hii stori? Tumekuwa tukipimwa. Mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walitoa kitabu kuhusu michoro ya mistari inayodanganya macho. Walikuwa wamelinganisha jamii nyingi, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa Uganda. Watu wa Evanston, Marekani, walidanganyika sana na mistari yenye mishale. Wasan wa Kalahari karibu wasidanganyike kabisa. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu, lakini "jicho la binadamu" la vitabuni likatiliwa shaka.

Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walikumbusha dunia ukaguzi wa majarida makubwa ya saikolojia: asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi zenye asilimia 12 ya watu duniani. Maze, hiyo ni hesabu ya aibu.

Maoni yangu ni haya: bei ya programu imeondoka, kwa hivyo kisingizio nacho kimeondoka. Mtu aliyekulia kando ya stendi ya matatu anasikia aje sauti ndogo? Dereva wa boda anaona nini jioni taa za magari zikimwangazia usoni? Kuuliza maswali haya kunahitaji kompyuta, skrini iliyopimwa vizuri, ruhusa ya wahusika, na watu wa kubonyeza kitufe mara mia nne bila kulalamika. Kama unasoma saikolojia ama kompyuta chuoni, na unatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, si uanze na macho ya mtaa wako? Wright alianza na watu 10.