Kichwa Chini, Miguu Juu: Mlalo wa Karne ya 19 Chini ya Mikono ya Roboti

Mwaka 1885 daktari kijana Willy Meyer alichapisha maelezo ya mlalo aliojifunza kwa mwalimu wake, Friedrich Trendelenburg, mjini Bonn, Ujerumani. Mgonjwa alilazwa chali kwa mteremko, kichwa kikiwa chini na nyonga juu, na miguu ikikunjwa magotini juu ya mabega ya msaidizi aliyesimama wima. Nia ilikuwa matumbo yateremke kuelekea kifuani, ili daktari akione kibofu bila kizuizi. Mwaka 1890 Trendelenburg mwenyewe aliandika juu ya kuziba fistula kati ya kibofu na uke, maradhi yaleyale ya uzazi wa shida yanayotibiwa hadi leo CCBRT, Dar es Salaam, na Panzi, Bukavu. Mlalo huo ulibuniwa kwa ajili ya jicho la mpasuaji. Mwili wa mgonjwa ulitakiwa kuvumilia tu, na naona kwamba madaktari wa vizazi vilivyofuata waliupokea bila kuuliza vya kutosha uvumilivu huo una mpaka gani.

Haikuwa mara ya kwanza mwili wa mgonjwa kutakiwa kuvumilia kwa ajili ya jicho la mpasuaji. Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, J. Marion Sims aliwapasua tena na tena wanawake watumwa, wakiwemo Anarcha, Betsey na Lucy, bila dawa ya usingizi, akiwapigisha magoti ili aione fistula. Yeye alipata sifa. Maumivu yao yalichukua zaidi ya karne kutajwa inavyostahili. Mlalo wa Trendelenburg nao ukapewa kazi nyingine: katika Vita Kuu ya Kwanza mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alihimiza majeruhi waliopoteza damu walazwe kichwa chini, akiamini damu itarudi moyoni. Baadaye akabadili msimamo, lakini desturi ilikuwa imeshaenea wodini, na ikadumu kwa miongo mingi.

Mlalo ulioshikiliwa na mabega ya mtu ulikuwa na kikomo chake, kwa sababu mtu huchoka. Roboti haichoki. Mfumo wa roboti ya upasuaji uitwao da Vinci uliidhinishwa Marekani mwaka 2000, na kazi iliyoupa umaarufu ni kuondoa tezi dume yenye saratani. Tezi hiyo imejificha ndani kabisa ya nyonga, kwa hiyo tatizo la Trendelenburg likarudi, na jibu lake likarudi nalo: kitanda huinamishwa nyuzi 25 hadi 45, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksidi, miguu hupanuliwa na kuinuliwa. Mikono ya roboti ikishapenya ukuta wa tumbo, kitanda hakiguswi mpaka iondolewe, kwani kukisogeza ni kumchana mgonjwa. Hali hiyo huweza kudumu saa tatu, nne au zaidi. Mwili huteleza kuelekea kichwani, na vizuizi vya mabegani vikiwekwa vibaya hukandamiza mishipa ya fahamu iendayo mikononi, mgonjwa akaamka na ganzi au mkono dhaifu. Matumbo na gesi husukuma kiwambo kilicho kati ya tumbo na kifua kuelekea kichwani, mapafu yakabanwa, na daktari wa usingizi hulazimika kuongeza nguvu ya hewa. Uso na kope huvimba. Koo nalo likivimba, bomba la kupumulia haliwezi kutolewa kwa haraka. Ndani ya macho, madaktari wa Marekani walipima mwaka 2009 wakakuta shinikizo limepanda kwa wastani wa milimita 13 hivi za zebaki. Miguuni, iliyo juu ya moyo, damu hupungua, na mara chache misuli ya mashavu ya miguu huvimba ikajibana yenyewe hadi kuanza kufa.

Atakayepinga ana hoja nzito. Madhara makubwa ni nadra, jeraha ni dogo, damu inayopotea ni kidogo kuliko ya upasuaji wa wazi. Ni kweli, nami sipingi roboti. Lakini unadra huo haukuja wenyewe: unatokana na godoro lisiloteleza, mikono iliyofungiwa vizuri, macho yaliyofunikwa, maji ya mshipani yanayotolewa kwa kipimo, na mtu anayetazama saa. Palipo na roboti bila uangalizi huo, takwimu njema za kwingine si dhamana. Wengine watasema kuna vitanda vipya vinavyojongea sambamba na mikono ya mashine. Hivyo husaidia, ila mteremko bado ni mteremko, na mara nyingi mteremko mdogo zaidi ungetosha kwa kazi ileile.

Suala hili linatuhusu Afrika Mashariki. Mwaka 2023 kituo cha IRCAD kilifunguliwa Kigali kufundisha upasuaji wa matundu madogo, ambao hutumia gesi na mlalo huohuo hata pasipo roboti. Nyuzi za kitanda na muda wa mgonjwa kuinamishwa viandikwe kwenye faili lake kama kinavyoandikwa kipimo cha dawa. Nawe unayesubiri upasuaji wa namna hii, muulize daktari wa usingizi utalazwaje na kwa saa ngapi. Na kama una presha ya macho, ugonjwa wa moyo au ganzi ya mikono, mwambie kabla hujaingia chumba cha upasuaji.