Kidonda Kisichoonekana Nacho Hutibiwa

Leo tuzungumzie kipigo kinachoacha alama mahali ambapo bendeji haifiki.

Zamani, mama aliyepigwa na mumewe alishonwa jeraha, akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa arudi nyumbani avumilie. Mwaka 2001 hospitali ya Nairobi Women's ilifungua kituo cha waliodhulumiwa, ambapo matibabu yaliambatana na ushauri nasaha, bila malipo. Ilikuwa hatua kubwa, ingawa nauli ya kutoka Kiganjo hadi Nairobi si ya kila mama. Mwaka 2015 Bunge likapitisha sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani.

Mwaka huo huo, Nairobi, kulifanyika jambo ambalo mimi kama muuguzi nalipenda zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandaa matibabu mafupi ya mazungumzo, na wahudumu wa afya ya jamii, watu wa mtaani wasiosomea saikolojia, wakafunzwa kuyatoa. Wanawake 518 wenye dhiki walishiriki. 421 kati yao walikuwa wamewahi kudhulumiwa. Baadhi walikutana na mhudumu mara 5, mara moja kwa wiki. Wengine walipata huduma ya kawaida ya kliniki. Baada ya miezi 3, waliokaa na mhudumu walikuwa na nafuu zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Walifanya nini? Hakuna maajabu, mama. Kwanza walijifunza kupumua polepole, tumbo likipanda na kushuka, moyo unapoenda mbio. Kisha walichagua tatizo moja wanaloliweza, wakalitafutia njia. Aliyeacha kila kitu, hata kusuka nywele, alianza tena kidogo kidogo. Mwisho walitafuta mtu wa kuegemea: dada, jirani, mwenzake wa chama. Mimi naona hili la mwisho ndilo gumu, maana aibu humfungia mtu mlango.

Lakini nikuambie wazi: mazungumzo haya hayamzuii mwanamume kupiga. Kama ungali hatarini, usalama wako na wa watoto uje kwanza. Piga 1195, ni bure, mchana na usiku. Kama simu yako hukaguliwa, futa namba hiyo ukimaliza. Na ukileta mtoto kliniki, omba kuzungumza na muuguzi faragha, hata kama aliyekusindikiza amekaa pale kwenye benchi.