Msafiri Asiye na Masurufu

Wiki hii nazungumzia lawama iliyozoeleka mijini, kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu siku hizi haingii darasani. Walimu wanalalamika, wazazi wanaguna, na wengi wamekwisha kutoa hukumu kuwa ni uvivu. Wavivu wapo, sikatai. Lakini utoro huu una historia yake.

Chuo chetu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Katika miaka iliyofuata, taifa maskini lilibeba mzigo wa ada, chakula na kitanda. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi, huyo ni msaliti. Mfano huo una pande mbili: deni la msafiri, na masurufu aliyofungashiwa.

Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ukaja wakati wa kubana matumizi. Kuanzia mwaka wa masomo 1992/93 wanafunzi wakaambiwa wachangie gharama. Sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo. Mwaka 2011, baada ya migomo, posho ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 5,000 hadi 7,500 kwa siku.

Basi bumu likichelewa, kijana aliyepanga chumba Mbagala hupiga hesabu: nauli ya daladala, au mlo? Mwenzake anafundisha tuisheni, mwingine anauza mitumba, na saa za kipindi ndizo saa za wateja. Daftari la mahudhurio halijui hayo. Linaandika neno moja tu: hayupo.

Deni la msafiri bado tunalidai, tena kwa kukata mshahara wake akiajiriwa. Ni halali tumdai, maana fedha ni za wananchi. Lakini mimi nasema, kabla ya kumzuia mtoro asifanye mtihani, aulizwe kwanza kama bumu lake limefika. Aliyetumwa mbali hupewa masurufu kabla ya kuondoka. Akipewa wenzake wakiwa wamekwisha kufika, hayo si masurufu tena.