Kifuta Machozi cha Hongshan

Tarehe 19 Mei 2017, mkazi mmoja wa kijiji cha Hongshan, wilayani Huadu, kaskazini mwa jiji letu la Guangzhou, alipanda mti ulio kando ya mto kuchuma yangmei, lile tunda dogo jekundu lenye uchachu na utamu. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60. Akaanguka. Walipomfikisha kwenye zahanati ya kijiji, hawakumkuta mhudumu. Gari la wagonjwa lilichelewa, hivyo mwanakijiji mwenzake akampeleka hospitali kwa gari lake. Alifariki siku hiyohiyo.

Huko kwetu ni watoto wangapi wameanguka kutoka kwenye miembe na mizambarau! Majirani huchanga, wazee huja kutoa pole, basi. Familia ya Hongshan ilikwenda mahakamani. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: kijiji ni eneo la utalii, mti ni mali ya kamati ya kijiji, na hapakuwa na kibao cha onyo wala huduma ya kwanza ya maana. Walidai zaidi ya yuani 600,000.

Tarehe 22 Desemba 2017 Mahakama ya Huadu iliamua kwamba kijiji kibebe asilimia 5 ya hasara, yaani yuani 45,096 na senti kidogo.

Asilimia hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Kama kijiji kilikosa, mbona kidogo hivyo? Kama hakikukosa, mbona kilipe? Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, maana sisi tunatenganisha fidia na kifuta machozi. Fidia hudaiwa kwa mwenye kosa. Kifuta machozi hutolewa kwa huruma, na anayekitoa hakiri lolote. Naona mahakama ilitoa kifuta machozi ikakiita fidia.

Pande zote mbili zilikata rufaa. Kwa sheria ya China, asiyeridhika na hukumu ya madai ana siku 15 tangu kukabidhiwa hukumu hiyo. Asiye na makazi nchini hupewa siku 30 (wenzetu wafanyabiashara wa Xiaobei walishike hili). Ngazi ni mbili tu, na hukumu ya rufaa ndiyo ya mwisho. Kwetu, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kueleza mwaka 1961 kwamba jaji wa rufaa habadilishi kiasi cha fidia kwa sababu tu yeye angetoa kingine. Lazima kwanza aone kwamba jaji wa chini alikosea kanuni au alielewa vibaya ushahidi, au kwamba kiasi kimezidi au kimepungua kupita kiasi.

Tarehe 16 Aprili 2018 Mahakama ya Kati ya Guangzhou ilitupa rufaa zote mbili. Asilimia 5 ikabaki palepale, na kwa kawaida hadithi ingeishia hapo.

Lakini sheria ina mlango wa tatu, ambao haufunguliwi na wadaawa peke yao. Mahakama ikiona hukumu yake yenyewe ina kosa, inaweza kuamuru shauri lisikilizwe upya. Tarehe 14 Novemba 2019 Mahakama ya Kati ilifanya hivyo, na tarehe 20 Januari 2020 ikafuta hukumu zote mbili na kutupa madai ya familia. Ilisema kijiji hakikuwa kimekaribisha watu kuchuma matunda, na kwamba hatari ya kupanda mti inajulikana na mtu mzima yeyote bila kibao. Tena kanuni za kijiji zilizopitishwa mwaka 2014 ziliwataka wanakijiji kulinda miti ya umma. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ya Watu iliitangaza kuwa kesi elekezi namba 140, ya kuzingatiwa na mahakama za nchi nzima.

Nakubaliana na hukumu hiyo, ingawa zahanati ile tupu bado inanisumbua. Mahakama nayo ilikiri kwamba kifo kile kilisikitisha. Kuhusu uokoaji, iliona kijiji hakikuwa na kosa: mwenyekiti wa kamati mwenyewe alikuwa amepiga 120 kuita gari la wagonjwa, na aliyeendesha gari hadi hospitali alikuwa mtu wa Hongshan.