Tangazo Lilikuwa Wapi?

Kwa miaka minne nilibeba megafoni katika kijiji chetu hapa Nyarugusu. Wenzangu mnaosoma mkiwa kambi nyingine, nikisema kijiji msifikirie mashamba na chifu. Hapa kijiji ni herufi na namba, mistari ya nyumba za udongo, na vijiji kadhaa vikikusanywa vinaitwa zoni. Ofisi ikileta karatasi kwa mwenyekiti, mwenyekiti alikuwa ananiita. Nakala moja tunaibandika ubaoni karibu na bomba la maji, nakala nyingine nazunguka nayo nikiisoma. Watoto walinifuata nyuma wakirudia kila neno, wakaniita Megafoni, na mpaka leo wapo watu wazima wasiojua jina langu lingine.

Siku moja ya mvua ililetwa karatasi ya uhakiki. Kila kaya ifike na watu wake wote, kila mstari na siku yake, asiyefika kadi yake ya posho itasimamishwa. Nilizunguka mpaka nikafika kwenye korongo. Ng'ambo yake kuna mstari mmoja wa nyumba. Njia ilikuwa utelezi mtupu, na mimi nilikuwa nimelowa na nina njaa. Nikasimama juu, nikaelekeza megafoni upande ule, nikasoma mara mbili, nikarudi nyumbani.

Kwenye ule mstari alikaa mama mmoja mzee na wajukuu watatu. Hakwenda. Siku ya posho alipanga foleni tangu alfajiri, na alipofika dirishani akaambiwa kadi haisomi. Alikuja kwangu jioni, akakaa kwenye jiwe la mlangoni, hakupiga kelele. Akasema: "Mutoto wangu, we haukufikaka kwetu. Niliskiaka tu 'hakiki, hakiki' kule yulu. Nikasema ile ni mambo ya batu ya ofisi."

Kesho yake nilimsindikiza. Karani alitusikiliza vizuri, halafu akauliza swali moja: tangazo lilibandikwa? Nikasema ndiyo. Lilisema nini kuhusu wazee na wagonjwa? Nikasema nadhani kulikuwa na mstari wa kuomba wafuatwe nyumbani. "Lilete tulione." Tukarudi ubaoni. Palikuwa na karatasi ya mechi ya mpira, na chini yake alama za gundi kavu. Mwenyekiti hakuwa na nakala. Ile niliyosomea mimi ililowa, nikaitupa. Ofisi nayo ilikuwa na orodha ya waliofika na wasiofika, lakini tangazo lenyewe hawakulipata. Basi neno la mama likabaki neno tu. Alikaa miezi miwili bila posho, akila kwa majirani.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wazee na kuandika: matangazo yetu sisi watu wa Fizi yametokea wapi, na yamekwenda wapi?

Babu yangu, huko milimani juu ya Baraka, alikumbuka ngoma ya mti uliochongwa ndani. Ilikuwa na mlio wake wa kifo, na mlio wake wa kuita watu. Mtu akiwa shambani anaacha jembe. Baba yangu alikulia kwenye wakati wa "komunike". Neno tangazo tumelijulia huku Tanzania. Kwetu ilikuwa komunike ikisomwa, na ikibandikwa ukutani pa kolektivite inaitwa avi. Jumapili baada ya misa mkatekista alisoma zote kwa pamoja: ndoa, mbuzi aliyepotea, kodi, na salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima ya enzi za Mobutu. Mkatekista alijua nani hakuja kanisani, na alimpelekea mtoto kumwambia. Hilo naomba mlikumbuke, nitalirudia.

Nikifika 1996 kalamu inakuwa nzito, kwa sababu humu kambini tunaishi watu wa kila kabila la Kivu ya Kusini, na tangazo nitakalolitaja liliwahusu baadhi yetu. Mwanzoni mwa Oktoba 1996, naibu gavana wa mkoa wetu alitangaza kwamba Banyamulenge wote wawe wameondoka Zaire, akawapa muda usiofika hata siku nane. Watu waliambiwa kwa sauti ya serikali kuhama nchi waliyozaliwa. Baba alisikia habari hiyo kwa redio ya jirani. Alisema kuna waliopiga makofi na kuna waliokwenda kimya kuwaonya marafiki zao, na kwamba mtu mmoja aliweza kufanya yote mawili siku moja. Vita vilikuwa vimeshaanza kuwaka, na komunike ile ikavimwagia mafuta. Kabla Oktoba haijaisha, Uvira ilikuwa imeanguka. Na sisi tuliodhani halituhusu tukajikuta ndani ya mitumbwi, usiku, tukivuka Tanganyika kwenda Kigoma.

Nyarugusu ilifunguliwa Novemba mwaka huo huo, wilaya ya Kasulu. Wazee wote niliowauliza walisema jambo moja: katika miezi ya mwanzo karatasi zilizosomwa kuliko zote hazikuwa za posho. Zilikuwa za majina. Nani anamtafuta nani. Msalaba Mwekundu walileta fomu zao za kuandikia ndugu, habari za familia tu, bila siasa, na barua inakwenda wazi bila kufungwa. Kwenye redio, BBC walikuwa na Gahuzamiryango, iliyoanza 1994 baada ya mauaji ya Rwanda. Jina lake ni kuunganisha familia. Ngara ilikuwepo Radio Kwizera, iliyoanza 1995. Mama yangu hajui Kinyarwanda, lakini alikaa karibu na redio ya jirani Mrundi akisubiri majina. "Jina halina lugha," alisema.

Baadaye zikaja karatasi za kurudi. Mwaka 1997 meli Liemba ilikodiwa na Umoja wa Mataifa, ikarudisha zaidi ya watu 75,000. Wa mstari wetu waliokwenda waliuza masufuria, wakatuaga kwa nyimbo. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, na baadhi yao tukawapokea tena wakiwa na namba mpya na watoto pungufu. Kwa hiyo karatasi za kurudi zilipobandikwa tena 2005, ofisi ilishangaa watu kusita. Isingeshangaa kama ile ya 1997 ingekuwa bado ukutani.

Mwaka 2009 Lugufu ilifungwa na wenzetu wakaletwa Nyarugusu. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Mtabila, kambi ya Warundi. Pale orodha ndizo zilizokuwa hukumu: jina liko upande gani, la kubaki au la kwenda. Wengi, zaidi ya elfu thelathini, walirudishwa Burundi, na wachache waliobaki wakahamishiwa kwetu. Neno lililotumika lilikuwa "ukomo wa hadhi ya ukimbizi". Mzee mmoja jirani yangu alivyolisikia aliniuliza kwa hofu kama ni kweli Warundi wanaokuja wana ukoma. Tulicheka sana. Lakini baadaye nikajiuliza: kama sisi tulielewa hivyo, mle Mtabila ni wangapi waliosikia neno lile bila kujua ndilo linalowaondoa?

Hapa ndipo penye kazi ya mtu wa megafoni. Kiswahili cha karatasi si Kiswahili chetu. Karatasi inasema uhakiki, sisi tunasema resansema, au kuhesabiwa. Inasema "wanufaika", sisi hatuoni tumenufaika nini. Na baada ya Warundi wengi kuja 2015, hadi makanisa na shule zikalaliwa na watu, ilibidi kila neno lipite na kwenye Kirundi. Megafoni mzuri ni yule anayesoma mstari, anasimama, anausema tena kwa maneno ya jikoni. Siku ile ya mvua mimi nilisoma tu kama ilivyoandikwa. Hiyo ndiyo sehemu yangu katika njaa ya yule mama, na siwezi kuibandika kwa ofisi.

Kuna jambo lingine nimelijua kwa kusoma karatasi nyingi. Tangazo la kutoa lina mwenyewe: shirika fulani litagawa mablanketi. Tangazo la kunyima halina mwenyewe: posho itapunguzwa, vibali vimesitishwa, biashara imezuiwa. Nani amepunguza? Kitenzi hakisemi. Mwisho wa 2016 WFP walianza kuwapa baadhi yetu pesa badala ya chakula, na wengi tulifurahi, maana mtu alinunua anachokula mwanawe. Mwaka uliofuata mpango ukasimamishwa na serikali. Agosti 2017 posho ilishuka hadi asilimia 62 ya kipimo. Juni 2023 ikawa nusu. Nusu ya unga, nusu ya maharage, wakati sheria hairuhusu mtu kwenda zaidi ya kilomita nne nje ya kambi bila kibali. Wa kulaumiwa alikuwa nani? Waliosimama mbele ya watu ni mimi na megafoni, na matusi yote niliyapokea mimi.

Na pale ambapo karatasi inachelewa, radio trotwari inaingia hewani. Kuanzia 2015 Marekani walifungua mlango kwa Wakongo wa Nyarugusu kwa maelfu, na ubao wa majina ya usaili ukawa mahali pa kusali. Watu waliamka saa kumi usiku na tochi. Mlango ule umefungwa na kufunguliwa mara kadhaa, hadi Januari 2025 ambapo Marekani ilisimamisha mpango wake mzima wa kupokea wakimbizi. Habari hiyo ilifika kwa simu kabla ya karatasi. Kuna kaya zilikuwa zimekwisha kugawa vitanda vyao kwa majirani, zikabaki zinalala kwenye mkeka zikingoja mtu wa ofisi aje aseme kwa mdomo kwamba ni kweli.

Si sisi peke yetu. Wenzetu wa Malawi wanakumbuka amri ya Machi 2023: wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili. Mei polisi walianza kuwakusanya. Kenya, Machi 2021, serikali ilitoa siku 14 ipewe mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Baadaye ikatajwa tarehe ya mwisho, Juni 2022. Tarehe ikapita, kambi ziko. Lakini muulizeni mwenye duka Kakuma aliyeacha kununua mzigo kwa sababu ya tarehe ile kama haikumgharimu kitu. Kakuma angalau wana bahati: tangu mwisho wa 2008 wakimbizi wenyewe wameandika gazeti lao, KANERE, na mtu anaweza kurudi nyuma akasoma mwaka fulani palisemwa nini. Sisi tumebaki na gundi.

Wapo watakaoniambia: kaka, historia yetu ni vita na safari, karatasi za uhakiki zina maana gani? Nawajibu kwamba vita ilituchukua miezi, na karatasi zimetuchukua karibu miaka thelathini. Mwanangu wa kwanza amezaliwa, amesoma na ameoa chini ya matangazo. Mkimbizi hapigi kura na hana diwani wa kumlalamikia. Kitu pekee ambacho serikali na mashirika wanamwambia kwa maandishi ni tangazo. Likipotea, na ahadi iliyokuwa ndani inapotea, ila adhabu yake inabaki kwenye kompyuta.

Yule mama alirudishiwa kadi baada ya mwezi wa pili. Miezi iliyopita hakulipwa. Nilimpelekea debe la mahindi, akalipokea, akamwambia mjukuu anipe maji ya kunywa. Hatukuongea mengi. Tangu wakati huo, karatasi ikija, nilivuka korongo hata kama ni matope, na nyumba ambayo mlango umefungwa nilimwachia ujumbe mtoto wa jirani, kama mkatekista wa baba yangu alivyofanya.

Kisha nikanunua kaunta buku. Kila tangazo nililiandika lote kwa mkono: limeletwa lini, na nani, limebandikwa wapi, linataka nini, tarehe ya mwisho ni ipi, na limekaa ubaoni siku ngapi kabla ya mvua au watoto. Megafoni nimemwachia kijana mwingine, daftari naendelea nalo. Sasa ni la tatu. Mara mbili mpaka sasa jirani ameomba niende naye ofisini na daftari. Mara moja karani alisema hayo ni maandishi yangu tu. Mara ya pili alilisoma, akachukua simu, akaita mtu.

Ninyi wa Nakivale, wa Dzaleka, wa Kakuma, wa Nduta, sihitaji muandike insha. Kama una simu yenye kamera, piga picha ubao kila Ijumaa. Kama huna, daftari la mtoto lililobaki kurasa linatosha. Andika tarehe. Weka mahali pasipovuja.